Medali Iliyopigwa kwa Risasi

Nilifunga safari ya Taita kwa sababu ya sentensi moja. Katika kundi letu la WhatsApp la wakusanyaji wa medali, ambamo siku nyingi hakuna kinachoandikwa ila salamu na picha za sarafu zilizochakaa, mtu aliyejiita Wakesho aliandika: "Nina medali iliyopigwa kwa risasi. Iko Werugha. Nani anaweza kuja kuithibitisha?" Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama, kisha nikaketi.

Niwaeleze ninyi mlio nyumbani kwa nini moyo ulinienda mbio. Medali nzuri haichongwi, hupigwa. Kipande cha metali huwekwa kati ya kalibu mbili za chuma kigumu, mashine ikashuka kwa kishindo, na picha ikatokea. Wengi hukusanya za dhahabu, fedha na shaba. Mimi niliyesomea kemia chuo kikuu, na sasa napima rangi katika maabara ya kiwanda huko Athi River, sina hamu na hizo. Nakusanya zilizopigwa kwa metali ambazo mtu hazitarajii: zinki, alumini, chuma, na moja ya niobi iliyo buluu kama shingo ya tausi ingawa haikupakwa rangi hata tone. Ya risasi sina. Risasi ni laini, hukwaruzika kwa ukucha, kwa hiyo mafundi huitumia kujaribia kalibu tu, halafu huiyeyusha. Medali ya risasi iliyosalia ni kama rasimu ya barua ambayo mwandishi alisahau kuitupa.

Bila shaka nilishuku. Mama yangu husema nilizaliwa nikiuliza ni nani aliyenikata kitovu na kama alinawa mikono. Nilimwandikia Wakesho: Nani aliipiga? Lini? Ina uzito gani? Akajibu, "Dada, maswali yote njoo nayo huku." Nikaomba ruhusa ya siku mbili kazini.

Ijumaa, baada ya saa mbili asubuhi, nilipanda treni Athi River. Katika begi nilikuwa na mizani ndogo ya sonara, rula, uzi, na sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu. Jirani yangu kitini, mama aliyekuwa akienda Mariakani, alinionyesha ndovu baada ya Mtito Andei. "Ona, wa huku ni wekundu," alisema. Nikamwambia si wekundu, ni vumbi tu la udongo wanaojimwagia. Akanitazama kwa huruma. "Kwa hivyo ukimwona mtu amevaa shati, wewe unasema yuko uchi?" Nilicheka peke yangu hadi tukapita daraja lililofuata.

Voi, mchana. Joto lilinipokea mlangoni mwa stesheni kama mtu anayenidai maelezo. Wakesho alikuwa akinisubiri kando ya pikapu iliyojaa magunia ya chakula cha ng'ombe. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye duka la dawa za mifugo Wundanyi, na sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde.

"Wewe ndiye Mwende wa kemia?"

"Ndimi."

"Mimi nilidhani utakuwa mzee wa miwani."

"Miwani iko kwenye begi."

"Basi umebakisha uzee. Panda twende."

Kwenye barabara ya Mwatate, mkonge ukiwa umejipanga pande zote mbili kama wanafunzi gwarideni, sikuweza kungoja tena. Nikamuuliza medali ilipigwa wapi.

"Tsavo," alisema.

"Tsavo? Tsavo kuna mashine?"

"Mashine gani tena? Bunduki."

"Wakesho, uliandika medali iliyopigwa kwa risasi."

"Si ndivyo? Ilipigwa kwa risasi. Pu! Shimo unaliona hivi."

"Mimi nilielewa imetengenezwa kwa risasi. Ile metali. Ile nzito ya kijivu iliyo ndani ya betri za magari."

Aliniangalia, akaangalia barabara, akaniangalia tena. Kisha akaegesha pikapu pembeni kwa sababu kicheko kilikuwa kimemzidi nguvu. "Aki wewe! Umetoka Athi River kwa ajili ya betri!"

Nikacheka nami, ingawa nilikaribia kulia. Kiswahili chetu kina neno moja la metali na la kitu kinachotoka bundukini, na kitenzi kimoja cha kuunda medali na cha kumfyatulia mtu. Nilikuwa nimefuata sentensi iliyo sahihi kabisa hadi mahali pasipo sahihi.

Ningeweza kumwomba anirudishe Voi. Lakini kicheko kilipokwisha, alisema jambo lingine, na alilisema akiangalia mbele.

"Medali ni ya baba. Alikuwa askari wa mbuga. Mgeni mmoja, mtaalamu wa madini, gari lake lilikwama mtoni, baba akamtoa. Yule mgeni akampa hiyo medali kama shukrani. Baadaye majangili wakampiga baba risasi, ikagonga medali mfukoni, kifuani. Ndiyo iliyomwokoa. Hadithi hiyo ameisimulia tangu sijazaliwa. Sasa kijijini wanasema ni uongo. Wanasema ni nyepesi, ni bati tu, aliitoboa mwenyewe kwa msumari. Wanamwita Mzee Bati. Mwezi uliopita karani wa kituo cha maziwa alikata kipande cha bati, akakitia utepe, akamvika baba shingoni mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo hajapeleka maziwa. Anakaa tu nyumbani. Mtu aliyezoea kuamka na jogoo."

"Kwa hivyo unataka nipime metali."

"Nataka mtu aliyesoma aseme. Lakini ukikuta ni bati, Mwende, uniambie mimi kwanza."

Sikumwahidi. Nilimwambia nitasema nitakachokipima. Aliwasha gari.

Wundanyi tulifika alasiri, baada ya kona ambazo sikuzihesabu kwa kuwa nilikuwa nimefumba macho. Tulishusha magunia dukani, tukaendelea kupanda. Voi nilikuwa nikitokwa jasho, Werugha nikavaa sweta, kisha nikavaa na ile jaketi niliyoona aibu kuibeba. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya matuta ya kabichi, na kila nyumba ilikuwa na ng'ombe anayesikika kabla hajaonekana.

Nyumbani kwao, mama yake Wakesho alinipokea kwa mikono miwili, akanikalisha karibu na jiko na kunimiminia chai ya maziwa matupu. Hakuuliza chochote. Alikuwa na sindano na uzi mapajani, anashona gunia. Mumewe, Mzee Mwadime, mtu mrefu wa mabega yaliyoanza kushuka, alinisalimia kwa heshima iliyo na tahadhari.

"Ndiwe mpimaji?"

"Shikamoo, baba. Ndimi."

"Marahaba. Utaipasua?"

"Hapana, baba. Nitaiogesha tu."

Akatabasamu nusu. Aliingia chumbani, akatoka na kitambaa, akakifungua juu ya meza. Nikasahau chai.

Ilikuwa kubwa, pana kama kiganja, nene kama biskuti. Haikuwa medali ya kuvaa, bali moja ya zile zinazowekwa mezani kwa kupendezesha. Upande mmoja ulikuwa na ndege yenye pua ndefu, upande wa pili herufi za Kirusi zikizunguka ukingoni. Rangi yake kijivu cha moshi, chenye joto fulani ambalo fedha haina na alumini haina. Kutu hakuna, hata alama. Na katikati ya upande wa herufi, kibonyeo cha duara, si kirefu, kilichoviringa kingo.

Nikaisogezea sumaku. Haikushtuka. "Bati la paa lingeruka," nikasema. "Lile ni chuma kilichopakwa zinki." Wakesho alivuta kiti karibu. Nikaipima: gramu mia moja thelathini na tano. Nikaweka kopo pana la maji juu ya mizani, nikairudisha kwenye sifuri, nikaifunga medali uzi na kuizamisha hadi maji yakaifunika bila kugusa chini. Mizani ikasoma thelathini. Nikaiinamia mizani hadi pua ikakaribia kuigusa.

"Nini?" Wakesho aliuliza. "Sema basi!"

"Ngoja nirudie." Nikarudia. Thelathini. Nikarudia mara ya tatu kwa sababu ndivyo nilivyo. "Maji yaliyosukumwa ni gramu thelathini, kwa hiyo medali inajaza sentimita za ujazo thelathini. Gawanya. Nne na nusu kwa kila moja. Alumini ni mbili na kitu. Bati halisi ni zaidi ya saba, zinki vilevile, chuma karibu nane. Hii ni titani! Baba, hii ni titani, metali ya ndege! Ni nyepesi kwa sababu hiyo, na ni ngumu kwa sababu hiyo hiyo. Kuipiga medali ya ukubwa huu kwa titani ni kazi ya mashine yenye nguvu za ajabu. Mimi sijawahi kuishika hata moja!"

Nilikuwa nimesimama, sijui tangu saa ngapi. Nikakunja kipembe cha karatasi nyeupe, nikakisugua ndani ya kibonyeo. Karatasi ikatoka na mstari wa kijivu, kama wa penseli. "Na hii ni risasi. Metali yenyewe. Walikuwa na bunduki gani?"

"Gobore," Mzee Mwadime alisema taratibu. "Zile za kienyeji, zinarusha gololi."

"Gololi ya risasi. Inalingana."

Wakesho alimkumbatia baba yake. Mzee alisimama wima, na nikaona mabega yalivyokuwa zamani. Alikwenda kwenye msumari wa ukutani, akashusha koti lake la kazi, lile la kijani lililopauka, akalivaa ili anionyeshe. "Ilikuwa hapa," alisema, akipiga kifua upande wa moyo.

Nami, ambaye siwezi kuacha kitu kikiwa kizuri, nikachukua medali na kusema, "Hebu tuone." Nikaipeleka kwenye mfuko. Haikuingia. Nikaigeuza. Haikuingia. Mdomo wa mfuko ulikuwa mwembamba kuliko medali kwa upana wa kidole kizima.

Mama aliendelea kushona gunia. Mzee Mwadime aliitoa medali mkononi mwangu kwa upole, akavua koti, akalitundika, akasema anakwenda kumwangalia ng'ombe. Wakesho alinitazama kwa macho ambayo nisingependa kuyaona tena. "Labda lilikuwa koti lingine," alisema.

"Labda," nikajibu.

Jumamosi, alfajiri, nilimkuta mzee uani akiosha ndoo ya maziwa. Alikuwa amevaa viatu.

"Leo nakwenda kituoni," alisema bila kuinua kichwa. "Utakuja useme?"

"Nitakuja."

"Utasema nini?"

"Nilichopima. Sumaku, uzito, maji, na ule mstari wa kijivu."

"Na mfuko?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu jibu lolote lilikuwa na mtu wa kuumia. "Mfuko sikuupima, baba. Wakiniuliza ilikuwa wapi ilipopigwa, nitasema sijui. Kwa sababu sijui."

Aliyamwaga maji yaliyobaki ndooni, akasema, "Haya."

Kituo cha maziwa kiko umbali wa dakika kumi, kwenye bega la kilima. Tulipofika, watu kama ishirini walikuwa wamepanga ndoo na madumu. Karani, kijana mnene mchangamfu aitwaye Mwakio, ndiye aliyepokea maziwa na ndiye aliyekuwa na ulimi.

"Kwawuka mana, Mzee Bati!" aliita kwa salamu ya Kitaita ya asubuhi. "Umerudi! Na leo umekuja na wakili?"

Watu wakacheka, si kwa ubaya sana, lakini wakacheka. Mzee aliweka ndoo chini. Mkewe na Wakesho walikuwa nyuma yetu na ndoo ya pili. Nikauliza kama naweza kuazima meza.

"Azima, dada. Hata na mimi niazime ukitaka."

"Wewe nitakupima baadaye. Kwanza hii."

Nikarudia kila kitu mbele yao. Sumaku nilimpa Mwakio mwenyewe aishike. Ilirukia ndoo ya bati, ikaipuuza medali. Wakasogea. Wakati wa maji, mama mmoja alimnyamazisha mtoto mgongoni kana kwamba tuko ibadani. Nilipotaja nne na nusu, mwanamume mmoja wa nyuma, fundi wa magari, alisema kwa sauti, "Kweli hiyo ni titani, hata mimi naisikia kwenye mambo ya ndege!" Nilipotoa karatasi yenye mstari wa kijivu, ilipita mkono hadi mkono, ikarudi ikiwa na alama za vidole na harufu ya maziwa.

Mwakio alikuna kichwa. Lazima nimpe haki yake: alitoka nyuma ya meza, akavua kofia, akamkabili mzee mbele ya watu wale wale.

"Baba, nilikukosea. Nisamehe. Jina lile sitalirudia, na atakayelirudia maziwa yake nitayaona yana maji." Watu wakacheka. "Kumbe kifua chako kiliokolewa na chuma cha ndege! Ulisimama mbele ya majangili, kifua wazi, nasi tunakucheka!"

Makofi yakaanza. Wakesho alikuwa akifuta macho. Nilidhani yamekwisha, na nilishaanza kukunja uzi wangu.

"Si kifua," Mzee Mwadime alisema.

Makofi yalipungua moja moja.

"Si kifua. Ilikuwa mgongoni. Kwenye mkoba." Alikuwa akimwangalia Mwakio, lakini alisema kwa sauti ya watu wote. "Nilikuwa peke yangu. Niliwakuta, wako watano. Bunduki yangu ilikuwa mkononi, na sikuifyatua hata mara moja. Niligeuka nikakimbia. Nilikimbia mpaka nikapoteza kofia. Wakanipiga kwa nyuma. Nikaanguka, nikaamka, nikakimbia tena. Medali ilikuwa ndani ya mkoba, imeviringishwa blanketi, nikiileta nyumbani kumwonyesha mke wangu. Basi. Mtu aliyepigwa mgongoni hana hadithi ya kusimulia. Nikaihamishia mbele."

Ng'ombe alilia mahali fulani chini ya ukungu. Wakesho alikuwa ameziba mdomo. Nilitamani niseme kitu cha kusaidia, lakini sikuwa na kipimo chochote cha jambo lile.

Aliyesema ni mkewe. Aliweka ndoo chini kwanza, kwa uangalifu, maziwa yasimwagike.

"Na ule mkoba nani alishona tundu lake?" aliuliza. "Si mimi? Kiraka cha kaki, uzi mweusi. Nilikishona wiki ile ile."

Mzee aligeuka polepole. "Ulijua?"

"Tundu lilikuwa mgongoni, Mwadime. Macho ninayo."

"Miaka yote hii? Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Na mimi nilimtaka mume aliyerudi. Hadithi sikuiagiza."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni yeye mzee, kicheko kilichotoka kama kikohozi. Kisha Mwakio akasema, "Mimi nilikimbia nyati pale Mwatate nikaacha viatu na mchumba." Mama mwenye mtoto akasema, "Mchumba ndiye mimi, na nilikuwa nimeshakupita." Fundi wa magari naye akaanza kuhusu nyoka na choo. Maziwa ya asubuhi ile yalichelewa kupokelewa, kwa sababu kila mtu kwenye foleni alikuwa na siku yake aliyokimbia, na wote walimtaka Mzee Mwadime arudie yake kutoka mwanzo: walikuwa umbali gani, alikimbilia upande gani, kofia iliangukia wapi. Akaisimulia. Mara hii alitumia mikono yote miwili, na miguu pia.

Saa tano, Wakesho alinirudisha Voi. Njiani hakuzungumza sana. Penye mkonge alisema, "Nilitaka uje useme baba ni mkweli."

"Na nimeharibu?"

"Hapana. Amejisemea mwenyewe." Akaongeza mwendo. "Lakini ungeuacha ule mfuko, dada."

"Najua," nilimwambia. Na bado sina hakika kama najua.

Kwenye treni ya kurudi nilichora medali ile kutoka kumbukumbuni, pande zote mbili, na kibonyeo chake. Sikuinunua, sikuuliza hata kama inauzwa. Mkusanyiko wangu haujaongezeka kitu, na bado sijaona medali ya risasi. Lakini titani nimeishika, nimeizamisha majini kwa uzi wa kushonea, na namba yake imetoka sawasawa katika kilima chenye ukungu, jambo ambalo bado linanifanya nitabasamu nikiwa kazini.

Lililonikaa zaidi ni hili. Katika nyumba ile nilimhoji Wakesho, nikamhoji mzee, nikaihoji hata metali yenyewe mara tatu ili nisikosee. Mwanamke aliyenimiminia chai alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu, sindano mkononi, na jibu lote analo. Mimi ninayejisifu kwamba nauliza kila kitu, yeye sikumuuliza hata jina.

Nilimpigia Wakesho jana nikaliuliza. Anaitwa Mkamburi.